Kipupwe cha Uluguru na Uhai wa Wafanyao Kazi

Iko dhana iliyoota mizizi katika fikra za watu wengi wa nchi yetu, hata baadhi ya wale waliopewa dhamana ya kusimamia kazi za wenzao, ya kwamba baridi ni msiba wa Ulaya, ambako maji huganda mitoni na theluji hufunika mapaa, na kwamba Mtanzania, aliyejaaliwa jua la mwaka mzima, hana haja ya kuishughulikia. Dhana hiyo huenda ikamfaa mkaazi wa Dar es Salaam au Kilwa. Lakini humhadaa mtu wa Morogoro, na humhadaa zaidi apandaye kutoka mjini kwenda Mgeta, Tegetero au Kinole katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati kipupwe kimeshika zamu na milima ya Uluguru imejitanda ukungu tangu magharibi hata saa nne ya asubuhi ya pili. Baridi ya huko haigandishi maji, kwa hiyo haihofiwi. Na kwa kuwa haihofiwi, wachache mno hujiandaa nayo. Na madhara yake yakitokea, hupewa majina mengine. Kibarua aliyejikata kwa panga huambiwa alizembea, mpagazi aliyeteleza na gunia huambiwa njia za mlimani ndivyo zilivyo, na mlinzi aliyekutwa maiti kibandani huambiwa siku yake ilifika. Rai yangu ni kwamba watu wa namna hiyo aghalabu huumizwa na baridi, au na dawa wanazozitumia kuifukuza baridi, na hiyo ya pili ndiyo iliyo hatari kuliko ya kwanza.

Tuitazame kwanza baridi yenyewe. Mji wa Morogoro umekaa katika mwinuko wa mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote vya Uluguru, hupita mita 2,600. Hewa hupoa kwa kadiri ya nyuzi sita kila mtu apandapo mita 1,000, basi mkulima wa Nyandira huko Mgeta, aliyeko juu zaidi ya mita 1,500, huamkia hewa iliyo baridi kuliko ya mjini kwa nyuzi sita au saba, na usiku wa Julai mjini kwenyewe watu hutafuta blanketi. Juu ya hayo, pepo za kusi zivumazo katika miezi hiyo huchukua unyevu wa Bahari ya Hindi na kuutua juu ya miteremko ya mashariki, na ndiyo maana Kinole na Tegetero hupata manyunyu hata katika miezi ambayo nchi nyingine imekauka. Upande wa magharibi, huko Mgeta, mvua ni haba zaidi, lakini ukungu na umande huwalowesha watu vile vile kabla jua halijatokeza. Mwili wa binadamu hukaa katika joto la nyuzi 37, na ukishuka chini ya 35 akili huanza kupotea na moyo kudhoofika. Ili kuufikisha hapo haihitajiki barafu. Nyuzi kumi za hewa, nguo iliyolowa, upepo wa mteremkoni na tumbo tupu, vitu vinne vinavyopatikana vyote kwa pamoja asubuhi moja ya Julai, vyatosha kumwangusha mtu mwenye nguvu zake.

Kwa hiyo adui wa kwanza ni maji, wala si baridi tupu, na nasaha ya kwanza kwa mwenye kuajiri ni kuhakikisha kwamba watu wake hawafanyi kazi wakiwa wamelowa. Nasema mwenye kuajiri, nami simkusudii mwenye kiwanda peke yake. Katika milima hii mwajiri aghalabu ni mkulima wa kabichi aliyechukua vibarua wawili kwa siku tatu, au mama mwenye shamba la njegere anayemlipa kijana wa jirani ampalilie. Na hao ndio hasa wasiojihesabu kuwa waajiri, hata neno la usalama kazini likitajwa hudhani linawahusu watu wa reli na viwanda. Atakayemwita mtu kuja kumfanyia kazi saa kumi na mbili ya asubuhi katika ukungu, na akampa ujira jioni, ameingia katika wajibu huo, apende asipende.

Kuhusu mavazi, gharama si kubwa kama inavyosingiziwa. Fulana ya pamba, ambayo ndiyo vazi la vibarua wengi, ikilowa hunywa maji na kuyagandamiza mwilini, na toka hapo ni heri mtu angekuwa bila nguo. Sufu haina tabia hiyo: sweta la sufu hata likiwa na unyevu huhifadhi joto kwa kiasi, na masweta ya namna hiyo hupatikana tele katika mitumba, mara nyingi kwa bei ya chini, kwa sababu watu wa pwani hawayataki. Juu ya sweta livaliwe koti la mvua, au kwa asiyeweza kulipata, mfuko mkubwa wa nailoni uliotobolewa tundu la kichwa na matundu mawili ya mikono, ambao hauna urembo wowote lakini hukinga manyunyu na upepo. Miguuni zivaliwe buti za mvua pamoja na soksi, kwani buti zisizo na soksi huchubua, na aliyechubuka huzivua akarudia kandambili. Kichwa kifunikwe. Na mwajiri mwenye busara huweka mahali fulani, japo ni banda la nyasi, nguo moja kavu kwa kila mtu, iliyofungwa ndani ya mfuko ili isipate umande, ya kubadilisha kazi itakapokwisha. Kwa maana mtu hupatwa na baridi hasa anapoacha kufanya kazi, jasho lake likiwa bado mwilini na misuli yake imekwisha kuzima moto wake.

Saa za kazi nazo zahitaji kufikiriwa upya. Iko desturi, ambayo katika miezi ya joto ni nzuri sana, ya kuanza alfajiri ili kulikimbia jua la adhuhuri. Desturi hiyo huendelezwa katika kipupwe bila ya kuulizwa sababu, ingawa jua lililokuwa likikimbiwa halipo. Mwezi wa Julai ingefaa kazi za mikono mitupu zianze saa mbili au saa tatu, umande unapoanza kukauka, ziendelee adhuhuri yote, na zimalizike mapema jioni. Vidole vilivyopoa hupoteza hisia na mshiko; mpini wa panga huteleza katika kiganja bila mwenyewe kujua, na mtu huona damu kabla hajasikia maumivu. Hali ni hiyo hiyo kwa wakataji wa miwa huko Mtibwa, ambako msimu wa kuvuna na kusaga huangukia katika miezi hii hii ya ubaridi, na kwa wale wa mashamba ya mkonge yanayouzunguka mji. Mnyapara asiyetaka ajali awape watu wake robo saa ya kufanya kazi nyepesi, ya kukusanya na kupanga, hata mikono ipate joto, ndipo wagawiwe mapanga.

Wachumaji wa karafuu wa Kinole na Matombo nawasemea neno la peke yake, maana wao huifuata hatari juu. Gome la mkarafuu uliolowa ukungu huteleza, tawi lake huvunjika bila ya kutoa ishara, na mchumaji aliyelipwa kwa kilo hana subira ya kungoja jua. Ngazi ikitumika, ifungwe kwa kamba katika shina. Upembo utumike kuvuta matawi ya mbali badala ya mtu kuyaendea. Na mwenye shamba aseme wazi, tena mbele ya wote, kwamba hakuna kupanda kabla ukungu haujainuka, na kwamba hatampunguzia mtu ujira kwa kungoja. Bila ya hilo la pili, lile la kwanza ni maneno matupu.

Sasa nije kwa wapagazi, ambao bila ya mabega na vichwa vyao kabichi za Mgeta zisingefika gulioni Nyandira wala mboga za milimani zisingeonekana katika Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro. Siku za gulio watu hawa hutoka majumbani kungali giza, ili malori yapate kujazwa mapema, na hushuka katika vijia vya udongo ambavyo ukungu wa usiku umevigeuza utelezi, kila mmoja akiwa na kata kichwani na juu yake tenga au gunia lisilo na kipimo. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilishauri kwamba mtu mzima mwanamume asibebeshwe kwa mikono mzigo unaozidi kilo 55, na kwamba mwanamke abebe pungufu sana ya hapo. Nami sijui mpagazi wa Uluguru atakayesikia hesabu hiyo asicheke. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imekatazwa na serikali mara nyingi, na makatazo hayo yalikusudiwa kumwokoa mkulima na dhuluma ya mizani. Ningependa yakumbukwe pia kwa ajili ya mgongo wa mchukuzi, ambaye hulipwa kwa gunia, liwe la haki au la dhuluma. Mfanyabiashara anayetaka mzigo wake ufike salama na augawe, alipie safari mbili, na pale ambapo njia yaruhusu, atumie punda. Vijia vyenyewe vichongwe ngazi na kuwekwa magogo katika sehemu kali kabla ya Juni, kazi ambayo kijiji kizima chaweza kuimaliza kwa siku chache za msaragambo. Na mpagazi asiende peke yake gizani. Aliyevunjika mguu katika korongo saa kumi ya usiku, amelowa, hawezi kutembea wala kupiga kelele ikasikika, kitakachomuua si mguu.

Nimefika sasa katika jambo ambalo ndilo hasa lililonishikisha kalamu, nalo ni jiko la mkaa. Ajira ya ulinzi imeenea Morogoro kila mahali: katika maghala, shule, nyumba za watu binafsi na viwanja visivyojengwa, na mlinzi wa kawaida hupewa kibanda cha mbao au cha mabati, kiti, rungu na tochi, kisha huachwa na usiku. Ifikapo saa nane, upepo ukishuka mlimani, huwasha jiko, huliingiza kibandani, hufunga mlango, huziba kwa gunia upenyo wa chini, na hulala. Naye hufanya hivyo kwa kuamini kwamba mkaa ni moto safi, kwa sababu haufuki. Hapo ndipo penye kosa. Moto wa kuni hauna adabu lakini hauna hila, kwani moshi wake humwasha mtu macho na kumkohoza hata atoke nje akitaka asitake; mkaa uliokolea wekundu hauonyeshi moshi wala hautoi harufu, na wakati huo huo katika chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo hujishikiza katika damu mahali pale pale pa oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, mithili ya mgeni aliyewahi kukalia kiti cha mwenye nyumba naye hataki tena kuondoka. Mtu huanza kwa kuumwa kichwa, kisha kizunguzungu na kichefuchefu, kisha miguu hulegea. Na akiwa amelala, hapiti katika daraja hizo hata moja, bali huendelea kulala.

Nasaha yangu katika hili haina masharti: jiko la mkaa lisiingie katika chumba cha kulala wala kibanda kilichofungwa, kwa usiku mzima wala kwa nusu saa. Wapo wasemao kwamba yatosha kuacha dirisha wazi kidogo, au kuweka sufuria ya maji juu ya mkaa. Maji hayafanyi lolote. Na dirisha ambalo mlinzi huliacha wazi saa nne hulifunga mwenyewe saa tisa, kwa kuwa baridi ndiyo iliyomfanya awashe moto tangu mwanzo. Anayetaka kuota moto na aotee nje, mahali palipokingwa upepo. Katazo hili liwafikie pia wafugaji wa kuku, ambao hutia jiko katika banda la vifaranga na kumlaza humo kijana wa kulichochea. Liwafikie wapakiaji wa malori walalao chini ya turubai pamoja na jiko la chai. Liwafikie na wasimamizi wa mabweni ya vibarua, ambao katika kipupwe wangepaswa kuvipitia vyumba kila usiku kabla ya watu kulala.

Lakini kumkataza mtu moto bila ya kumpa kitu cha kushika mahali pake ni ukatili uliovaa kanzu ya ushauri. Mlinzi apewe koti zito, blanketi, kofia ya sufu na soksi, vyote kwa gharama ya mwajiri. Apewe chupa ya chai ya moto iliyojaa. Apangiwe mzunguko wa kutembea kila baada ya muda, ambao humtia joto na ndio ulinzi wenyewe. Na kiwepo kibanda chenye kuta zisizovuja upepo, ili asihitaji kuziba kitu. Awepo pia mtu wa kumpigia simu mara mbili tatu kwa usiku. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 huuhesabu usiku tangu saa mbili ya jioni hata saa kumi na mbili ya asubuhi, na huamuru mfanyakazi wa usiku aongezewe asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Sijui walinzi wangapi wa vibandani wamewahi kuiona nyongeza hiyo, ambayo kwa miezi michache ingeweza kununua koti.

Ikitokea amekutwa mtu amezirai ndani pamoja na jiko, anayemkuta asiingie akainama kumtikisa, maana hewa ile haichagui. Aubomoe mlango au aufungue wazi, avute pumzi nje, aingie upesi na kumburuta hadi hewani. Akiwa hapumui apuliziwe pumzi na kifua kikandamizwe, na wakati huo mtu mwingine atafute usafiri. Hata akizinduka na kusema amepona, apelekwe hospitali, kwa kuwa dawa yake ni oksijeni, na madhara ya ubongo huweza kujitokeza baadaye. Maziwa, ambayo watu wetu huyakimbilia kila isikiwapo habari ya sumu, hayana msaada hapa: sumu hii imo katika damu, haimo tumboni, na kumnywesha mtu asiye na fahamu ni kumpalia.

Dawa ya pili yenye kudhuru ni pombe. Gongo humfanya mnywaji asikie joto kwa sababu hufungua mishipa ya ngozi na kuitoa nje damu ya moto, nako ndiko kuipoteza; joto lile alisikialo ni lile linalomtoka. Tena humwondolea mtu kutetemeka, ambako ni kinga ya mwili, na hukumu ya wapi pa kukanyaga. Mahali pake pawekwe uji wa moto wenye sukari, au chai iliyotiwa mdalasini na pilipili manga, viungo ambavyo milima hii yenyewe huvizaa. Mwajiri anayetoa uji saa nne hupata kazi zaidi kwa siku. Jambo hili wakulima wa zamani walilijua bila ya kufundishwa.

Vijana wa bodaboda, ambao hujiajiri na hivyo hawana wa kumlaumu, wajikinge kifua kwa koti lisilopitisha upepo, wavae glovu, wawashe taa mchana katika ukungu, na wakiona vidole havitii breki wasimame.

Mwenye kusimamia watu hana budi kuzitambua dalili za mtu aliyezidiwa na baridi. Kwanza hutetemeka asiweze kujizuia, kisha ulimi wake huwa mzito, huyumba, hujibu ovyo, hutaka kuketi na kuachwa alale. Na wenzake, kwa kuona hivyo, hudhani amelewa na humcheka. Kutetemeka kukikoma ilhali mtu bado yumo baridini, asidhaniwe amepata nafuu, kwani hapo ndipo hatari imekua. Apelekwe mahali pakavu, avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe mablanketi mwili na kichwa, apewe kinywaji cha moto chenye sukari iwapo yu macho na aweza kumeza. Asisuguliwe miguu na mikono, asisogezwe karibu na moto mkali, asipewe pombe, na achukuliwe kituo cha afya.

Yote haya yana nguvu ya sheria nyuma yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtwika mwajiri wajibu wa kuwakinga watu wake na hatari za kazi na kuwapa vifaa vinavyostahiki, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ndio wenye kukagua; na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko ambao waajiri huuchangia ili aliyeumia au jamaa za aliyekufa wasibaki mikono mitupu. Hata hivyo amri pekee haitoshi katika milima hii, na historia yake ni shahidi. Katikati ya mwaka 1955 Waluguru waliasi amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi mashambani, si kwa uvivu, bali kwa sababu waliona kazi imezidi, udongo usio na rutuba umefukuliwa juu, na hakuna aliyewauliza. Ilhali huko Mgeta, ambako wakulima waliiona faida yake katika mboga, matuta yangaliko hata leo. Kwa hiyo anayetaka kubadili saa za kazi au kukataza jiko akae kwanza na watu wake, awasikilize wasemavyo juu ya njia, nguo na ujira, kwa maana mpagazi huijua sehemu ya utelezi kuliko mkaguzi yeyote.

Makoti na buti hununuliwa mwezi wa Mei, kabla kusi halijakolea, wala si Agosti baada ya msiba. Lakini lipo moja lisilongoja Mei: wewe usomaye haya, kama unaye mlinzi, nenda jioni ya leo ukakitazame kibanda chake, ukikuta jiko ndani, litoe, na ukikuta hana koti, mpe la kwako mpaka utakapomnunulia lake.